Blanketi Moja, Limerudishwa Stoo

Siku tatu nilimtafuta kwa herufi isiyo yake.
Ayikoru, nilimwandikia karani kwenye kipande cha karatasi,
jina la Kilugbara, maana yake furaha.
Nakabiri akamenya karanga, akapuliza maganda,
akasema: hapa Kampala, dada, baada ya o
ulimi wetu hauna r. Jaribu l.

Ndipo akatokea. Aikolu.
Arobaini na saba, mwezi wa Machi,
ukurasa ulioliwa na mchwa hadi ukingoni mwa tarehe.
"Mwanamke. Miaka ishirini na kitu. Kabila: halijulikani.
Ameletwa na polisi kutoka sokoni Nakasero."

Nyumbani tulihadithiwa mengine:
kwamba alipanda meli Rhino Camp
kumfuata mume aliyekuwa akikata miwa Kakira,
kwamba mto ulimmeza,
kwamba hapana, mamba,
kwamba aliolewa huko na mtu mwenye baiskeli.
Kila shangazi alikuwa na kifo chake cha kumpa.
Hakuna aliyetaja wodi.
Bibi yangu, aliyeachwa ana miaka minne,
hakusema lolote. Alitwanga tu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wao hawakuingoja ya tatu.
"Analima vizuri. Anatii. Hasemi lugha yoyote ya watu."
Nikairudia sentensi hiyo
kama mtu anayekuna kidonda.
Mji mzima, na hakupita Mlugbara hata mmoja,
mfagizi, askari, mchukuzi wa magunia,
wa kusimama dirishani akasema: huyu anaomba maji?

Aprili: hali chakula.
Mei: kelele usiku.
Juni, na hapa wino umebadilika, labda na karani pia:
"Hurudia neno moja lisilo na maana. Mamva, mamva."

Nikaifunga rejista.
Nakabiri akauliza kama ni vumbi.
Nikasema ni vumbi.
Nikaifungua tena, nikaweka kidole katikati ya neno,
pale ambapo karani angeacha nafasi
laiti angezaliwa ng'ambo ile ya Naili:
ma mva.
Mwanangu.

Kitabu cha mazishi ni kingine, chembamba,
kinanuka mafuta ya taa.
Namba mia moja na kumi na saba. Mapafu.
Jeneza: hakuna. Ndugu: hakuna.
Blanketi moja, limerudishwa stoo.

Nilikwenda. Vibati vya namba viling'olewa zamani,
watu wakazibia mabanda ya kuku.
Ssalongo mwenye shamba hakunyoosha kidole,
alinyoosha mkono mzima: kuanzia huku, hadi kule.
Magimbi yamestawi, majani mapana kama masikio.
Alinipa mawili nikapike.
Sikujua kama yanapokewa au yanakataliwa.
Nikayapokea kwa mikono miwili.

Jioni nikampigia bibi, Arua.
Sikio lake lililobaki ni moja.
Nikapiga kelele kando ya barabara, bodaboda zikinipita,
nikamsomea kila mstari, jembe, Mei, Juni, blanketi,
alikuwa akikuita, nikasema, hakukutupa,
alikuwa akikuita wewe!
Watu wawili waligeuka kunitazama
kama anavyotazamwa mwendawazimu.

Kimya kirefu. Nikadhani salio limekwisha.
Kisha: hilo blanketi, lilikuwa la rangi gani?

Rejista haisemi.

Jekundu, nikasema.

Nikasikia akishusha pumzi.
Basi, akasema, kata simu,
wingu linakuja huku
na mihogo yangu bado iko nje, juu ya mwamba.